Nilimenya viazi Caux: hii mikutano ya amani ya Uswisi inatusaidia nini sisi?

Mhamiaji wa Kasulu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kuna mdau kule jukwaa la nafasi za masomo aliuliza kama hii mikutano ya maadili na amani inayofanyika Ulaya kila kiangazi ni ya kweli, au ni utalii tu wa watu wa mashirika. Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona nifungue uzi. Vuta kiti, chai iwe karibu.

Mimi nilikwenda mmoja, Julai ya 2019, pale Caux. Inasomwa "Ko". Nawaambia mapema ili msiaibike kama mimi niliyemuuliza kondakta habari za "Kauksi" mara tatu, mzee wa watu akawa ananiangalia tu.

Unatua Geneva, unapanda treni saa moja na ushee kando ya ziwa mpaka Montreux, halafu unahamia kwenye kitreni cha meno kinachong'ang'ania mlima kama mjusi ukutani. Juu huko, kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, unakuta jengo lenye minara. Lilifunguliwa 1902 likiwa hoteli ya matajiri. Vita vikaiua biashara, na wakati wa Vita Kuu ya Pili wakahifadhiwa humo wakimbizi, wakiwemo Wayahudi waliotoka Hungaria. Hapo nilisimama kidogo. Mimi ni mtu wa Kasulu, kwangu kambi ya wakimbizi ni Nyarugusu, maturubai na vumbi. Sikuwahi kufikiria kambi yenye ngazi za marumaru.

Mwaka 1946 familia za Waswisi zilichangishana, wengine wakauza vitu vyao, wakalinunua. Kiongozi wao wa kiroho alikuwa Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri kutoka Marekani. Harakati yake ilizinduliwa London mwaka 1938 kwa jina la Moral Re-Armament, wengi wakiiita MRA. Tangu 2001 inaitwa Initiatives of Change. Mafundisho yake yalikuwa mafupi: kila asubuhi kaa kimya, jipime kwa vipimo vinne (ukweli, usafi, kutojipendelea, upendo), kisha anza kubadilika wewe kabla hujamdai mwenzio abadilike. Inasimuliwa kwamba siku Buchman alipoingia kwenye ule ukumbi, watu wamejaa furaha, swali lake lilikuwa: Wajerumani wako wapi? Mwaka mmoja tu baada ya vita. Fikiria mtu aingie harusini kwako aulize mbona hujamwalika aliyekuchomea nyumba.

Wajerumani wakaletwa. Mwaka 1947 akaja Irène Laure, mama wa Kifaransa, nesi na mwanasiasa wa kisoshalisti kutoka Marseille, aliyekuwa kwenye harakati za siri dhidi ya Wanazi. Aliposikia Kijerumani kinasemwa mle ndani alitaka kuondoka. Buchman akamuuliza atawezaje kuijenga Ulaya bila Wajerumani. Akajifungia chumbani. Baadaye akakubali kula meza moja na mjane wa Kijerumani, Clarita von Trott, ambaye mumewe alinyongwa kwa kushiriki njama ya kumuua Hitler mwaka 1944. Kisha akasimama mbele ya ukumbi akawaomba Wajerumani msamaha kwa chuki yake. Yeye aliyetendewa ndiye aliyeanza. Mpaka leo sijui kama niishangae ile hatua au niikasirikie, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Kati ya 1946 na 1950 walipita pale karibu Wafaransa 2,000 na Wajerumani zaidi ya 3,000. Konrad Adenauer alifika mwaka 1948, kabla hajawa kansela wa Ujerumani Magharibi. Msije mkasema Umoja wa Ulaya umezaliwa jikoni Caux, maana wako wanaosema hivyo na wanatia chumvi. Makaa ya mawe na chuma, ambavyo mkataba wake ndio ulioanzisha umoja huo, vilikuwa na wenyewe. Lakini watu waliokuja kusaini baadaye walikuwa wameshazoeana nyuso.

Sasa jikoni. Pale hakuna mgeni wa kuhudumiwa tu, kila mtu anapangiwa zamu: kumenya, kuosha vyombo, kupanga meza. Balozi anavaa aproni. Zamu yangu ilikuwa viazi, mimi na Warundi wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, na bibi wa Kiholanzi aliyekuwa msimamizi. Tulikuwa tunapiga Kiswahili, Kiswahili cha Bujumbura na cha Kigoma vinaelewana bila mkalimani. Mzee alikuwa anatania kwamba kwao mwanamume akimenya viazi ujue mke ametoroka. Akagusia tu kwamba zamani alikuwa jeshini. Kwao Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Ndadaye, mauaji yakaenea nchini.

Kijana akauliza, bila kuinua macho: "Oktoba ya tisini na tatu ulikuwa kambi gani, mzee?"

"Gitega."

"Baba yangu aliuawa Gitega."

Mzee akashusha kiazi. "Sikumjua."

"Sijasema ulimjua."

Kikasikika kisu changu peke yake. Yule bibi akapita, akachungulia ndoo, akaanza kulalamika kwa Kifaransa kwamba maganda yetu manene mno, nusu ya kiazi inaenda kwa nguruwe. Kesho yake kijana aliomba ahamishiwe kwenye vyombo.

Hiyo ndiyo Caux niliyoiona. Hotuba za ukumbini nimesahau zaidi ya nusu. Swali langu kwenu: mambo haya yanafika huku kwetu, au yanaishia kwenye picha?

Nyundo

Uswisi hiyo hiyo ambayo benki zake zilificha fedha za Mobutu na Abacha leo inatufundisha maadili? Mkuu umelishwa chokoleti.

Mhamiaji wa Kasulu

Nyundo, chokoleti nilikula, sikatai. Ila hilo la benki lilisemwa kwenye kipaza sauti na dada mmoja Mkenya, siku ya pili tu. Waswisi wawili watatu wakapata kikohozi. Mmoja, mzee mstaafu wa benki, alimfuata wakati wa chai wakakaa mpaka kengele ya chakula. Waliongea nini sikusikia, mimi nilikuwa na zamu.

Dogo wa Chuo

Kaka shikamoo. Hayo ya historia nimeelewa. Nauli, viza na malazi ulipataje? Mimi niko mwaka wa tatu, baba ni mkulima wa mihogo.

Mhamiaji wa Kasulu

Marahaba dogo. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya ila imo kwenye Schengen, nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ni ile ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Ada ilikuwa euro 60 zama zetu, tangu Juni 2024 ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Unahitaji bima ya safari inayofika euro 30,000, barua ya mwaliko, taarifa ya benki, na ushahidi kwamba una cha kukurudisha nyumbani. Hicho cha mwisho ndicho kinachowaangusha vijana. Ombi unaweza kuliwasilisha hadi miezi sita kabla. Usingoje Juni kwa mkutano wa Julai. Mimi mara ya kwanza ubalozi mmoja ulinikatalia kwa mstari mmoja kwenye karatasi, mwaka uliofuata nikaenda na barua ya mwajiri na hati ya kiwanja cha mke wangu, wakanipa. Nauli nililipiwa nusu na waandaaji, nusu nyingine ilitoka kwenye mahindi.

Na ukipata barua pepe ya mkutano wa amani ambao hukuuomba, unaoanzia Marekani na kumalizikia Dakar, wao wanalipa ndege wewe unalipa hoteli ya Dakar tu, futa.

Mama Tunu

Hiyo ya Dakar! Mdogo wangu alituma hela ya hoteli, usiku nne. Alishaaga mpaka kanisani, kwaya ikamwimbia. Kila Jumapili watu wanamuuliza Dakar kukoje. Alihamia ibada ya saa moja asubuhi ili wasimwone.

Kamau wa Ndeiya

Nimesoma yote na nimefurahia, lakini ndugu yangu umeruka ukurasa mmoja, na huo ukurasa ni wetu Wakenya.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ikafungua kambi pale Athi River, ya kuwabadilisha fikra wafungwa wa Mau Mau. Mkuu wa kambi, Kanali Alan Knight, alikuwa mtu wa MRA. Ndiyo, hao hao wa vipimo vinne. Mfungwa alifundishwa kujichunguza moyo, aungame kiapo, aiache chuki yake. Guka (babu) wangu alipitia kambi nyingine, kwa hiyo sisemi kwa niaba yake, nasema yaliyo kwenye vitabu vya historia. Sasa niambie. Mtu amechukuliwa shamba, amefungwa bila kesi, halafu anaambiwa mabadiliko yanaanza na yeye. Yule aliyeshika shamba naye alikaa kimya asubuhi akajiuliza? Kuna walowezi wachache walibadilika kweli, siwanyimi haki yao. Lakini geti la kambi lilikuwa na ufunguo mmoja na haukuwa mfukoni mwa mfungwa.

Na huyo Buchman, mwaka 1936 gazeti la New York lilimnukuu akimshukuru Mungu kwa kuwepo mtu kama Hitler, eti ameweka ngome dhidi ya ukomunisti. Wafuasi wake wanasema maneno yalipindishwa. Mimi nasema mtu anayeogopa ukomunisti kupita kila kitu atamwona mpigania ardhi ni mkomunisti.

Mhamiaji wa Kasulu

Kamau, nimekaa na hii toka jana usiku. Habari za Hitler nilikuwa nazijua, za Athi River sikuzijua, na pale Caux hakuna aliyenitajia, ingawa picha za Waafrika wa miaka ya hamsini zimejaa kwenye makablasha yao. Sina la kukupinga. Nitakachosema ni kwamba Irène Laure aliomba msamaha akiwa huru, nchi yake imeshinda vita, tiketi ya kurudi Marseille anayo. Hakuna aliyemshikia bunduki aungame. Dawa ni ile ile, ila mmoja alikunywa mwenyewe na mwingine alipanuliwa mdomo.

Rumonge

Amahoro. Mimi ni Mrundi, niko Tanzania tangu 2015. Nilivuka mpaka pale Kagunga, tukabebwa na meli ya Liemba hadi Kigoma, mnaojua mnajua joto la ile siku.

Wanasiasa wetu walipita sana hapo Caux miaka ya 2000, hilo ni kweli. Na kabla yake kulikuwa na mazungumzo ya amani ya Arusha. Mwalimu alianza usuluhishi, akafa Oktoba 1999, Mandela akachukua. Tarehe 28 Agosti 2000 wakasaini. Waasi wa FNL wao walikawia, wakasaini Dar es Salaam mwaka 2006. Arusha, na katiba ya 2005 iliyotokana nayo, ilitugawia viti: serikalini Wahutu sitini kwa Watutsi arobaini, jeshini nusu kwa nusu. Mimi siidharau, ile nusu kwa nusu ya jeshi ilitulaza usingizi miaka kumi. Lakini Tume ya Ukweli iliyoandikwa Arusha mwaka 2000 ilikuja kuundwa 2014. Miaka kumi na nne! Katikati hapo watu wamerudi kilimani, aliyeua na aliyeuliwa ndugu wanachota maji bomba moja, hakuna aliyeuliza kitu.

Kwa hiyo huyo kijana aliyeuliza "ulikuwa kambi gani" amefanya kitu ambacho kwetu hakifanyiki. Nyumbani swali hilo lingeleta panga au polisi. Labda ndiyo faida ya kwenda mbali: mko kwenye mlima ambao si wa mtu yeyote kati yenu, na viazi si vyenu.

Ila mwenzangu, waliopata viza ni wawili. Mtaani kwangu kambini tuko wengi.

Mtoto wa Peramiho

Nichomekee la kwetu Songea. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja pale makumbusho ya Maji Maji. Akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, akasema ameona aibu na anaomba msamaha kwa waliyofanya Wajerumani kwa babu zetu. Nilikuwa nimesimama nyuma kule kwenye miti. Wazee walikuwa na heshima zao, wakamsikiliza. Bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu aliuliza kitu kimoja tu: "Kichwa kaja nacho?" Maana kichwa cha Songea kinasadikiwa kilipelekwa Ujerumani baada ya kunyongwa 1906. Hakuja nacho. Aliahidi kitatafutwa.

Bibi akafunga khanga yake vizuri akasema, "Haya, na aendelee kutafuta."

Kamau wa Ndeiya

@Mtoto wa Peramiho, wiki hiyo hiyo! Siku moja kabla, tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles alikuwa Nairobi, kwenye karamu ya serikali. Akasema majuto makubwa, akasema hakuna kisingizio kwa yale yaliyotendwa. Neno lenyewe, msamaha, tulilisubiri na halikutoka. Mwaka 2013 William Hague, waziri wao wa mambo ya nje wakati huo, alisimama bungeni London akasema serikali inasikitika kwa mateso ya zama za Mau Mau, na wakalipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwa humo humo, kwa madai ya wazee 5,228. Hesabu mwenyewe kila mzee alibaki na ngapi. Kwa hiyo Songea mmepata neno bila kichwa, sisi tumepata hela bila neno. Tukutane mpakani Namanga tubadilishane.

Nyundo

Kamau umenimaliza hapo Namanga 😂

Ustadh wa Kisauni

Assalamu alaikum. Nimesoma mnavyowataja Wazungu na Wazungu. Mimi nitawatajia Wanigeria wawili wa Kaduna, Imam Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye. Hawa hawakuwa watu wa semina. Walikuwa viongozi wa vikundi vya vijana waliopigana, huyu na Waislamu wake na yule na Wakristo wake. Mwaka 1992 mchungaji alikatwa mkono. Imamu aliuliwa mwalimu wake na binamu zake wawili. Kila mmoja alitamani kifo cha mwenzie. Mwaka 1995 wakaanza kufanya kazi pamoja. Wakaenda Caux pia, lakini kazi yenyewe walishaianza kwao, huko walikwenda kusimulia.

Baada ya vurugu za uchaguzi zilizotupata Kenya mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008 walikuja huku, wakaenda hadi mji wa Burnt Forest kukaa na wazee wa Kikalenjin na wa Kikikuyu. Mtu aliyekatwa mkono akikwambia tuongee, humwambii "wewe hujui uchungu". Hilo ndilo linalokosekana kwa wataalamu wengi wanaokuja na vishikwambi.

Mchungaji mwenyewe amewahi kueleza kwamba kwa miaka kadhaa walisafiri pamoja na bado moyoni alikuwa na chuki. Walilala chumba kimoja safarini na moyo haujatulia. Sasa semina ya siku tano inataka mtu aondoke na cheti cha maridhiano!

Mhamiaji wa Kasulu

Waalaykum salaam Ustadh. Cheti nilipewa na mimi, kiko kabatini.

Hapo kwenye siku tano umenigusa. Nilivyorudi Kasulu nilijaribu kuiga. Nikapanga kikao cha wenyeji na wakimbizi kuhusu kuni, maana ugomvi wetu mkubwa ni kuni, siyo siasa. Nikaweka nusu saa ya ukimya kama Caux. Dakika ya nne mzee mmoja wa kijijini akauliza, "Tunamsubiri nani?" Watu wakacheka kikao kizima. Nikaacha ukimya. Mara ya tatu nikabadilisha: kikao kikawa pale pale msituni, kila upande ulete jungu, kina mama wa kambini na wa kijijini wapike maharage jiko moja kwa kuni zile zile wanazogombania. Maharage ya kambini yanachukua muda mrefu kuiva, mnalijua hilo, kwa hiyo maongezi yalipata saa tatu ambazo hakuna mfadhili angezilipia. Ikatoka ratiba ya siku za kukata kuni. Ilidumu msimu mmoja na nusu, halafu ikavunjika, tukaanza tena. Siwaambii ni muujiza.

Dogo wa Chuo

Kaka, hujamalizia. Yule kijana na yule mzee waliishia wapi?

Mama Tunu

Na mimi nasubiri hilo tangu juzi, nikasema nikiuliza nitaonekana mbeya.

Mhamiaji wa Kasulu

Hawakukumbatiana, kama ndicho mnachongoja. Kijana aliosha vyombo siku tatu. Siku ya nne akarudi kwenye viazi, hakusalimia, akavuta ndoo yake akakaa upande wa pili wa meza. Mzee akaanza kumweleza, kwa Kirundi sasa, siyo Kiswahili, kwa hiyo mimi nikawa mgeni. Kirundi na Kiha chetu ni ndugu, nilidaka maneno: barabara, lori, usiku, majina ya watu. Hakulia mtu. Nikainuka nikaenda kutafuta chumvi ambayo hakuna aliyeniagiza.

Siku ya kuondoka walipanda kitreni kile kile, mabehewa tofauti. Montreux kuna ngazi za kushuka kwenda jukwaa lingine, na mzee alikuwa na sanduku la zamani lisilo na magurudumu na goti bovu. Kijana akarudi nyuma, akalichukua, akalishusha, akaliweka chini, akaenda kusimama mbali kusubiri treni yake. Mzee akasema ahsante. Kijana akainua mkono hivi, bila kugeuka. Namba zao ninazo zote mbili, sijawahi kuuliza.

Dogo, ulisema uko mwaka wa tatu. Pasipoti unayo? Anza na hiyo kwanza, barua za mwaliko huwa zinataka namba yake.